Pasi ya Nywele kwa Wenye Nywele Nene

Pasi ya nywele ni kifaa cha umeme chenye mikono miwili inayobana, na ndani ya kila mkono kuna bamba linalopashwa moto. Nywele zikipita katikati ya mabamba hayo, mawimbi hulala na nywele hutoka zimenyooka na kung'aa. Katika saluni za Tunduru, mkoani Ruvuma, pasi ndiyo humalizia kazi: nywele huoshwa, huwekwa stimu, hukaushwa kwa driya, kisha msusi hupitisha pasi kabla ya kuseti. Siku hizi kifaa hicho kimeingia pia majumbani, ambako mara nyingi hakuna msusi wa kuuliza, na anayekinunua hujifunza kwenye kichwa chake mwenyewe. Wenye nywele nene ndio huumia zaidi katika kujifunza huko. Nywele zao huvumilia moto mwingi kabla ya kuonyesha kuwa zimeungua, na zikionyesha huwa hakuna tena cha kurudisha.

Unywele mmoja una tabaka la nje la magamba membamba yaliyopandana, na chini yake kuna kiini cha nyuzi za protini iitwayo keratini. Nyuzi hizo zimeshikana kwa vifungo vya namna mbalimbali, na viwili kati yake ndivyo vya kujua kabla ya kushika pasi. Vya kwanza ni vifungo vya haidrojeni. Hivi ni dhaifu na ni vingi. Maji huvifungua, joto huvifungua, na nywele zikikauka au zikipoa hujifunga upya kwa umbo lolote ambalo nywele zimelazwa. Hapo ndipo pasi inapofanya kazi. Vya pili ni vifungo vya salfa, ambavyo ni imara na havifunguki kwa joto la kawaida. Dawa ya kunyoosha nywele huvivunja moja kwa moja, ndiyo maana nywele zilizowekwa dawa hazirudi kujikunja hata zikioshwa mara ngapi, mpaka mizizi ikue upya.

Kwa hiyo pasi iliyotumika vizuri hunyoosha kwa muda tu. Maji yakigusa nywele, mawimbi lazima yarudi. Mtu anayeona kwamba baada ya miezi kadhaa ya kupiga pasi nywele zake hazijikunji tena hata zikilowa, asifurahi kuwa zimezoea. Keratini yake imeharibika, na sehemu hiyo haitapona.

Kabla ya kununua pasi inafaa kujua nywele zenyewe ni za aina gani, kwa maana mambo mawili huchanganywa mara kwa mara. Kuna kichwa chenye nywele nyingi, na kuna nywele ambazo kila unywele wake ni mnene. Njia rahisi ya kutofautisha ni kung'oa unywele mmoja na kuulinganisha na uzi mwembamba wa cherehani. Ukionekana wazi na ukasikika kati ya vidole, ni mnene. Ukiwa hauhisiki kabisa, ni mwembamba, hata kama kichwa kizima kimejaa. Kichwa kilichojaa nywele nyembamba hakihitaji moto mkali. Kinahitaji subira na mafungu madogo. Wengi hukosea hapa, kwa kupandisha joto ili kupunguza muda.

Umbo nalo lina uzito wake. Nywele za wengi Tunduru ni za kipilipili, zenye mikunjo midogo iliyobanana. Za mawimbi mapana ni za wachache. Wapo pia wenye nywele zilizowekwa dawa zamani, ambazo mizizi yake inajikunja na ncha zake zimenyooka. Kadiri mkunjo unavyobana ndivyo unywele unavyokuwa bapa badala ya mviringo, na kila kona ya mkunjo ni mahali ambapo unaweza kukatika. Nywele nene za mawimbi zina nafuu kidogo: kona zake ni chache na magamba yake hulala vizuri zaidi. Zinaweza kunyooka kwa mpito mmoja wa pasi iliyo na joto la wastani, mradi ziwe zimeandaliwa.

Jambo la kutazama kwanza dukani ni kidhibiti joto. Pasi nyingi za bei ya chini zina swichi ya kuwasha na kuzima tu pamoja na taa nyekundu. Joto lake hupanda hadi linapoishia, na mtumiaji hajui ni nyuzi ngapi. Kwa nywele nene hiyo ni hatari hata kama mabamba yake yanang'aa kuliko ya nyingine zote kwenye meza. Pasi yenye kioo cha namba au gurudumu lenye nyuzi zilizoandikwa inastahili kulipiwa zaidi. Nywele nyembamba, zilizotiwa rangi au zilizowekwa dawa zinatosheka na nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi. Nywele za mawimbi za unene wa wastani hunyooka kwa nyuzi 150 hadi 180. Nywele nene na ngumu huweza kuhitaji 180 hadi 200. Kupita hapo faida ni ndogo na hasara ni kubwa, kwa kuwa keratini kavu huanza kupoteza umbo lake la ndani kwenye nyuzi 220 hadi 230 hivi. Wauzaji husifia pasi inayofika 450. Namba hiyo ni ya kipimo cha Farenhaiti, sawa na nyuzi 232 za Selsiasi, yaani ndani kabisa ya eneo la kuunguza. Inafaa kusoma herufi iliyo mbele ya namba: C au F.

Baada ya joto huja mabamba yenyewe. Bamba la alumini tupu hupata moto upesi lakini si kwa usawa, na sehemu moja inaweza kuwa kali kuliko nyingine. Bamba la kauri husambaza joto kwa utulivu na huteleza vizuri, ila kauri ya pasi nyingi ni rangi nyembamba iliyopakwa juu ya alumini. Ikianza kuchubuka, kingo zake hukwaruza magamba ya nywele, na pasi hiyo iachwe kutumika. Titaniamu ni ngumu, hupata moto haraka na haipoi inapopita kwenye fungu zito. Ndiyo sababu wasusi wanaohudumia vichwa vingi kwa siku huipenda. Kwa mtu anayejifunza nyumbani, kauri ina msamaha zaidi.

Kisha kuna pasi zinazouzwa kwa jina la turmalini. Jina hilo si geni Tunduru. Tangu mbio za madini za katikati ya miaka ya 1990, wachimbaji wadogo wamekuwa wakichekecha changarawe za mito kama Muhuwesi kutafuta safaya, aleksandraiti na vito vingine, na turmalini imo katika mawe yanayopatikana huko. Inayowekwa kwenye pasi si kito cha kuchongwa, ni unga uliochanganywa katika tabaka la kauri. Turmalini ina tabia ya kweli na ya ajabu: ikipashwa moto huzalisha chaji ndogo ya umeme kwenye ncha zake. Watengenezaji hudai kwamba chaji hiyo huondoa kusimama kwa nywele na kuzipa mng'ao. Huenda inasaidia kidogo, lakini hakuna sababu ya kuacha pasi yenye kipimo cha joto kwa ajili ya nyingine isiyo nacho eti kwa kuwa imeandikwa turmalini. Ni kipimo cha joto kinachookoa nywele.

Upana wa bamba hufuata urefu wa nywele. Upana wa sentimita 2.5, yaani inchi moja, unafaa nywele zinazofika shingoni au mabegani na hutosha kwa watu wengi. Mabamba ya sentimita 4 hadi 5 huokoa muda kwa nywele ndefu zilizojaa, ila hayafiki karibu na mizizi na huweza kuchoma masikio na paji la uso. Mabamba yanayobonyea kidogo yakiguswa, kwa kuwa yameegemea springi, hubana fungu bila kulivuta. Kingo za mviringo ni bora kuliko zenye kona kali, ambazo huacha alama ya mkunjo kwenye nywele.

Upande wa umeme una mambo yake. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Pasi iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 peke yake, na adapta ya dukani hubadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi volti. Ikichomekwa hivyo itaungua mara moja. Kibandiko kilichoandikwa 100–240V ndicho cha kutafuta. Mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea. Kabla ya hapo mji wa Songea ulitegemea mitambo ya dizeli. Tunduru iko zaidi ya kilometa 250 mashariki ya Songea, na mahali palipo mbali kwenye njia ya umeme volti zinaweza kushuka, hata pasi isiyo na kidhibiti ikawa vuguvugu jioni na kali mno asubuhi. Umeme ukikatika pasi ing'olewe kwenye soketi papo hapo, kwa sababu utakaporudi usiku inaweza kuwaka juu ya kitanda bila mtu kujua. Pasi zinazojizima zenyewe baada ya nusu saa au saa moja zina thamani kubwa kwa sababu hiyo.

Katika matumizi, pasi hailemei mita ya LUKU. Ya wati 50 ikiwaka nusu saa hula uniti 0.025, ilhali driya ya wati 1,500 kwa muda huohuo hula uniti 0.75, mara 30 zaidi. Tofauti hiyo ina maana kwa vijiji vinavyotumia sola: inveta ndogo isiyoweza kubeba driya inaweza kabisa kubeba pasi.

Kabla ya umeme kulikuwa na chuma na mkaa. Mfaransa Marcel Grateau alianzisha mtindo wa kukunja nywele kwa koleo la moto huko Paris mwaka 1872. Nchini Marekani kitana cha moto kilienea kwa wanawake weusi mwanzoni mwa karne ya 20, na Madam C. J. Walker, aliyefariki mwaka 1919, alichangia sana kukipa umaarufu. Kitana hicho kilifika Afrika Mashariki pia, na mahali pengine bado kipo: kitana cha chuma huwekwa juu ya jiko la mkaa na kujaribiwa kwenye karatasi au kitambaa kabla ya kugusa nywele. Jaribio hilo ni la busara na linafaa hata kwa pasi ya umeme isiyo na namba. Ikiwa karatasi nyeupe inageuka rangi ya kahawia ndani ya sekunde chache, moto huo haufai kichwani.

Kazi ya kupiga pasi huanzia kwenye maji. Nywele zenye mafuta ya siku tano na vumbi la barabarani hazinyooki; uchafu hukaangwa juu yake na kugandia kwenye mabamba. Huoshwa kwa shampuu, hupakwa kondishina, husuuzwa, kisha hukaushwa mpaka zikauke kweli. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi, na ndilo lenye madhara makubwa. Nywele mbichi huharibika kwa joto lililo chini sana ya lile linaloharibu nywele kavu. Maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke kwa ghafla na kutoboa mapovu katikati ya unywele, ambayo huonekana kwa hadubini, na hapo penye povu ndipo utakapokatika. Sauti ya kuchemka pasi inapopita ni ya maji hayo. Ikisikika, kazi isimame na nywele zikaushwe tena. Zipo pasi chache zilizotengenezwa kwa nywele mbichi, zenye matundu ya kutolea mvuke, lakini pasi ya kawaida haipaswi kugusa nywele zenye unyevu.

Asiye na driya ana njia ambayo mabibi walikuwa nayo: uzi. Nywele zilizooshwa zikiwa na unyevu mdogo huzungushiwa uzi mweusi kutoka mzizi hadi ncha, zikavutwa kwa upole na kuachwa usiku kucha. Asubuhi zikifunguliwa zimekauka na zimerefuka, mkunjo umelegea, na pasi haina tena kazi kubwa. Mabutu au mikia minene ya kusuka hutoa matokeo yanayokaribia hayo kwa nywele za mawimbi. Kusuka kwa uzi huonwa na vijana kuwa mambo ya kizamani, lakini kwa hesabu ya moto unaookolewa hakuna kifaa cha dukani kinachoushinda uzi. Nywele zilizonyooshwa kwa uzi kwanza mara nyingi hutosheka na nyuzi 160 na mpito mmoja.

Kinachofuata ni kinga ya joto. Dawa nyingi za kukinga joto zina silikoni, kama dimethikoni, ambazo huvaa unywele kwa ngozi nyembamba, hupunguza msuguano na huchelewesha joto kupenya. Hazizuii moto wote. Zinapunguza makali yake. Hupulizwa kidogo, husambazwa kwa kitana na huachwa zikauke. Mafuta ya nazi, yanayopendwa sana, hayafai kuchukua nafasi yake dakika hiyo. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake, na huko ndiko kwenye faida yake. Lakini mafuta ya nazi yasiyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 177 hivi, na mafuta mabichi ya ufuta hayako mbali na hapo. Yakipakwa kwa wingi chini ya pasi yenye nyuzi 190, hukaanga nywele na huweza kuchuruzika yakiwa ya moto hadi kwenye ngozi ya kichwa.

Nywele hugawanywa sehemu nne na kubanwa, kisha kila sehemu hushushwa fungu baada ya fungu kuanzia kisogoni. Fungu lisizidi upana wa bamba, na liwe jembamba kiasi cha joto kufika katikati. Fungu nene hulazimisha kurudia mara nne ambapo mawili madogo yangenyooka kwa mara moja. Pasi hushikwa sentimita moja kutoka kwenye ngozi, hubanwa kwa nguvu ya wastani na huteremshwa bila kusimama. Kitana chenye meno ya karibu kikitangulia mbele ya pasi, nywele huingia zikiwa zimelala sambamba, na mbinu hiyo peke yake huboresha kazi kuliko kuongeza nyuzi 20. Ncha ndiyo sehemu kongwe na dhaifu, hivyo pasi ipite hapo haraka zaidi. Ikiwa fungu halikunyooka baada ya mipito miwili, tatizo ni unyevu, ukubwa wa fungu au joto dogo mno. Kurudia mara ya tano hakutatui lolote kati ya hayo.

Wigi na nywele za kuunganisha zina sheria yao. Za binadamu hupigwa pasi kwa uangalifu uleule, na kwa joto dogo zaidi kwa sababu hazipati tena mafuta ya kichwani. Za sintetiki huyeyuka na kugandia kwenye mabamba, isipokuwa pale kifurushi kinapoeleza kwamba zinastahimili joto na ni la nyuzi ngapi.

Kudumu kwa kazi hutegemea hewa. Kwa kuwa unyevu hufungua vifungo vya haidrojeni, nywele zilizopigwa pasi mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, hukaa wiki nzima na zaidi. Zilizopigwa wakati wa masika, yanayoanza mwishoni mwa mwaka, huweza kurudi siku ya pili. Msimu wa mauzo ya korosho, unaoleta fedha na harusi Tunduru, unaangukia hasa wakati mawingu yanapoanza kujikusanya. Bibi harusi atafanya vyema kupigwa pasi asubuhi ya siku yenyewe badala ya siku mbili kabla. Kwa wanaovaa mtandio au ushungi, jasho linalokaa chini ya kitambaa hurudisha mawimbi kuanzia kwenye mizizi. Kitambaa cha ndani kilicho laini na kinachopitisha hewa husaidia, na nywele zisifunikwe zikiwa bado na joto la pasi. Usiku huzungushwa kichwani na kufungwa kitambaa cha satini. Nywele zikianza kurudi, dawa si kupiga pasi kila asubuhi. Mara moja kwa wiki ndio ukomo wa busara, na kila baada ya wiki mbili ni bora zaidi.

Jambo moja linahitaji tahadhari ya pekee. Saluni nyingine hutoa huduma ya kunyoosha kwa keratini, ambapo dawa hupakwa na kuchomwa kwa pasi kali. Baadhi ya dawa hizo zina formaldehaidi, kemikali ileile ambayo ikiyeyushwa ndani ya maji huitwa formalini, au hutoa gesi yake zinapopata moto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka formaldehaidi mwaka 2004 katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayeivuta zaidi ni msusi, anayesimama juu ya moshi huo kutwa. Moshi unaochoma macho na koo ni sababu tosha ya kukataa huduma, na chupa isiyo na orodha ya viambato isiguswe. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019.

Ngozi ya kichwa nayo itazamwe. Mwaka 1968 madaktari wa ngozi wa Marekani walieleza upara unaoanzia utosini kwa wanawake weusi na kuuhusisha na kitana cha moto. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba kitana peke yake hakielezi ugonjwa huo. Hata hivyo utosi unaopungua nywele huku ukiwasha au kuuma usifunikwe kwa wigi na kuendelea kupigwa pasi. Kovu likishafunga vinyweleo, nywele hazioti tena, kwa hiyo kwenda hospitali mapema ndiko kunakookoa.

Kuungua kwa pasi hutokea mara nyingi shingoni, sikioni na mikononi mwa watoto wanaovuta waya. Sehemu iliyoungua huwekwa chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya mswaki, majivu na mafuta havipakwi, kwani huzuia joto kutoka na huleta uambukizo. Lengelenge kubwa, au kidonda cha usoni, hupelekwa kituo cha afya. Baada ya kazi pasi huachwa ipoe mahali pa juu, juu ya kigae au bati, kisha mabamba hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti yakiwa baridi na plagi ikiwa imetolewa.

Wasichana wa shule nyingi za serikali hutakiwa kuwa na nywele fupi, hivyo wengi hukutana na pasi mara ya kwanza baada ya kumaliza kidato cha nne, nywele zao zikiwa ndio kwanza zinakua na hazijawahi kuguswa na dawa. Kwa hao kipimo ni chepesi: kila baada ya kuosha, fungu moja la mbele na moja la kisogoni hutazamwa nywele zikiwa mbichi. Mawimbi yakirudi yote, joto linalotumika ni sahihi. Yakirudi nusu tu, nyuzi zishushwe na pasi ipumzishwe kwa wiki kadhaa. Yasiporudi kabisa, sehemu hiyo hukatwa kidogo kidogo; nywele hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na zile za kipilipili pungufu kidogo ya hapo.